Sieni Ajibu Peke Yake

Pale Salelologa, mji wa bandari kisiwani, ukiingia duka la ushonaji la Sieni na mumewe Pelenato, ulichagua wa kumuuliza. Mwenye haraka alimwendea Pelenato, akajibiwa hata kabla hajamaliza kusema. Mwenye subira alimwendea Sieni, naye angesema, "Niachie hadi Alhamisi," kisha aende kuwauliza wauza vitambaa, dada yake, na yeyote aliyekutana naye njiani.

Walitaniana hivyo miaka kumi na minne. "Wewe ukiulizwa jina lako utaomba wiki," Pelenato alimwambia.

"Na wewe utataja la jirani."

Mwaka uliofuata Pelenato akaenda New Zealand kuchuma matufaha kwa miezi saba. Siku za mwanzo Sieni aliona raha, hakuna wa kumharakisha. Baadaye, kila mteja alipouliza jambo, alijikuta akigeukia cherehani ya Pelenato pale mlangoni, ndipo akakumbuka kwamba haina mtu.

Asubuhi moja akaja mama mchungaji. Alitaka nguo sitini za wanakwaya, za kufungulia kanisa jipya, kwa wiki tano.

"Boti yangu ya kwenda kisiwa cha Upolu inaondoka saa nane, mwanangu. Utaweza, au niwape mafundi wa kule mjini Apia?"

Sieni akaingia ndani, akampigia mumewe. Upepo wa shambani ulisikika kwenye simu.

"Mimi ningekubali," Pelenato alisema. "Lakini atakayeshona ni wewe, mke wangu."

"Mbona siku zote ulikuwa unajibu tu?"

"Nilijua wewe upo, utanirekebisha."

Sieni alikata simu, akasimama pale ameshika futi yake ya kupimia. Kisha akatoka.

"Arobaini nitashona mimi, mama. Ishirini mpe Fetu, yule fundi wa kijiji cha Sapapaliʻi. Vitambaa vyote nitavikata mwenyewe, ili nguo zilingane."

Mama mchungaji alimtazama. "Hivi ni wewe, au mumeo kajificha humo ndani?"

Sieni alicheka, lakini macho yalimlowa.

Nguo ziliisha siku mbili kabla ya wiki tano kutimia. Siku ya ufunguzi kwaya ilisimama katika rangi ya bahari, na watu wakamsifu hadi akaona haya. Alirudi nyumbani na sahani ya magimbi na samaki aliyofungiwa kanisani, akala peke yake. Alitamani mtu wa kumwambia, "Ungechukua zote sitini," ili wabishane mpaka chakula kipoe. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja Pelenato arudi.