Udongo wa Mwezini na Dada Yangu wa Ujiji

Juzi nilikuwa nachambua mchele hapa nyumbani Rusimbi, binti yangu akaniletea simu usoni. "Mama, hebu tazama, hii ni nini?" Nilitazama, nikausahau mchele. Zilikuwa picha za udongo wa mwezini, zimepigwa kwa karibu mno na wale watu waliotua kule: vumbi la kijivu lililoshikana mabonge, mawe yenye vitundu kama mkate, na vitone vinavyong'aa kama kioo. Alidhani nitashangaa. Kumbe mimi picha hizo nilishaziona nikiwa mtoto, na habari yake sijapata kumsimulia mtu. Ngoja nikusimulie wewe.

Tulikaa Ujiji, karibu kabisa na ziwa, mimi, dada yangu na bibi aliyetulea. Ukitoka mlango wa nyuma unakanyaga mchanga. Asubuhi mitumbwi ikirudi, bibi alinunua dagaa, nasi tukawaanika pale pale mchangani kabla ya kwenda shule, huku tukifukuza kunguru kwa kugonga makopo. Nywele zetu, sare zetu, hata madaftari, vyote vilinuka dagaa. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiha mwenye sauti kubwa, alikuwa hapiti bila kutusalimu, "Mwakeye!" Halafu anasimama kumtania dada, maana alimpenda kuliko wanawe. Jioni tulikula ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mgebuka, aliyekolea mawese, mikono yetu ikabaki na rangi hadi kesho yake.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliunganisha darasa langu na la dada, akaja na picha alizokata kwenye jarida kuukuu, akazibandika kwenye karatasi ngumu. Alizishika kwa ncha za vidole. "Huu ni udongo wa mwezini," alisema. "Eneo mnaloliona hapa ni dogo kuliko kiganja." Wengi tulicheka, tukasema ni majivu ya jikoni. Dada hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kule mvua hainyeshi?"

"Hainyeshi. Hata upepo hauvumi. Ukikanyaga leo, alama ya mguu inabaki."

Tangu siku hiyo dada alibadilika. Tukienda kuanika dagaa, yeye analala kifudifudi, pua karibu iguse mchanga, anatazama punje. Akaniita na mimi nitazame, na kweli, ukikaribia hivyo mchanga wa Ujiji haukuwa na rangi moja. Kulikuwa na punje nyekundu, nyeusi, na nyingine za kupenyeza mwanga. Alisema akikua atasoma mawe. Bibi alipita na ungo wake akamkemea, "Geuza dagaa wewe, mchanga hauliwi!" Lakini usiku nilimsikia akimwambia jirani kwamba huyu mtoto atafika mbali.

Alipomaliza darasa la saba, shangazi yetu wa Kagunga alijifungua, na bibi akamtuma dada akamsaidie kulea. Aliondoka mchana kwa boti ya abiria, amebeba kidumu cha mawese na kanga mbili mpya za mzazi. Mimi nilinuna kwa sababu naachwa. Alinipungia mkono, kisha akageuka kutazama mbele.

Boti haikufika. Upepo uliibuka ghafla, mawimbi yakaipindua. Wengine waliokolewa na wavuvi, wengine walitupwa ufukweni baada ya siku kadhaa. Dada hakuonekana kabisa. Bibi alikataa matanga yaanuliwe mpaka apate wa kumzika, wazee wakamsihi, mwisho akakubali. Kila asubuhi alitoka mlango wa nyuma akakaa akitazama maji, na dagaa hakununua tena.

Mwalimu alikuja kutuhani. Alikaa kwenye mkeka. Bibi ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, huko mwezini mlikokuwa mkisoma, kuna maji?"

"Hakuna, bibi."

"Basi heri ningemtuma huko."

Mwalimu aliinama akalia mbele yetu. Matokeo yalipotoka, dada alikuwa amefaulu. Mwalimu mwenyewe alikuja kutuambia, kwa sauti ndogo kama mtu aliyeleta msiba wa pili. Mwaka uliofuata akahamishwa, na sikumwona tena.

Bibi naye alikwishakufa. Miaka ya karibuni ziwa lilijaa, likapanda hadi kwenye nyumba zetu, na kuta za udongo zikayeyuka. Pale tulipoanikia dagaa sasa ni maji. Vumbi la mwezini limepigwa picha punje kwa punje, lakini dada yangu hakupigwa picha hata moja. Sura yake ninayo mimi tu, nayo inanitoka kidogo kidogo. Kuna siku nashindwa kukumbuka meno yake yalikaaje.

Ndiyo maana baada ya kuziona zile picha nilikwenda Katubuka, anakokaa jirani yetu wa zamani kwa mwanawe. Amezeeka sana, sauti imekwisha, na kumbukumbu nazo zinamtoka. Nilimpa shikamoo, nikajitambulisha, akanikumbuka, akanishika mkono kwa furaha. Akamkumbuka bibi, akawakumbuka dagaa. Nikamwambia, "Mama, leo nimekuja tumzungumzie dada."

Alinitazama kwa upole.

"Dada yupi, mwanangu? Si ulikuwa peke yako?"