Kreti za Maembe Zilizopitia Salama

Maembe yangu yaliiva wiki nzima kabla ya wakati wake, na hayo ndiyo riziki yetu ya mwaka. Mnunuzi alikuwa aje Mbooni na lori siku ya Alhamisi, na alishatuonya kwamba embe lisilo ndani ya kreti yenye muhuri halipandi. Serikali ilikuwa imempa mfanyabiashara mmoja tu kibali cha kuuza kreti hizo, eti kulinda ubora, na duka lake lilikuwa mji wa Salama, chini ya mlima. Zamani nilinunua kwa jirani yangu Mutua, seremala, ambaye alinipitishia kreti juu ya ua wa michongoma. Alipokatazwa kutuuzia, alisema sasa anatengeneza vitanda. Nyundo yake ililia kila siku. Nilidhani watu wa Mbooni wameanza kulala sana.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilimpungia Mutua mkono nikiwa juu ya bodaboda.

"Naenda Salama kununua kreti!"

Akaangalia viatu vyake. "Haya, safari njema, jirani."

Saa nne nilifika Salama. Dukani mlikuwa na karani, muhuri na nafasi kubwa.

"Kreti zimeisha," karani alisema. "Lakini ngoja, zingine ziko njiani."

"Zinatoka wapi?"

"Mbooni."

Nikaketi.

Saa saba pikapu ilifika imejaa kreti. Juu yake alikuwa Mutua. Nilikasirika hata salamu ikanishinda.

"Si ungeniambia?"

"Nikikuuzia pale nyumbani, hiyo ni kesi. Hapa ni halali. Na huyu mwenye duka ananipa nusu ya ile bei yako ya zamani. Sasa nitauzia nani mwingine?"

Karani alipiga muhuri kreti moja moja, bila haraka. Nililipa mara tatu ya bei niliyozoea. Pikapu ilikuwa inarudi Mbooni tupu, kwa hiyo nikaikodi, tukapanda mlima pamoja: mimi, Mutua na kreti zake.

Jioni Mutua alinisaidia kupanga maembe ndani ya kreti. Karibu nusu ya maembe yalikuwa yamelainika kwa jua la siku hiyo. Tuliyatenga, akawapelekea watoto wake.

Alhamisi lori liliondoka na yaliyobaki. Ng'ambo ya ua nyundo ilikuwa inalia tena, na iliniuma kuisikia. Nilichojifunza ni jiografia tu. Kutoka kwangu hadi kwa Mutua ni hatua ishirini, na njia yake inapitia Salama.