Mvua Niliyobaki Cherehanini

Siku ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Fundi Mkuu alinipa pasi ya mkaa na rundo la kaptula za shule, nikanyoosha mpaka jioni. Nilikuwa mwoga wa watu, nimetoka kijijini Buswahili na elimu ya msingi tu. Uhuru ulikuwa bado mpya.

Kibaraza chetu cha kushonea kilikuwa Makoko, Musoma. Fundi Mkuu alivuka ziwa kutoka Uganda. Wenyeji wenzangu walitafuta mshahara bomani au kwenye kiwanda cha pamba. Waliojiajiri wengi walikuwa wageni kama yeye. Sisi vijana tulishona tu, tukapiga pindo na kutia vifungo. Kukata, yaani kuchora vipande kwa chaki na kupitisha mkasi, ilikuwa kazi yake peke yake. Asiyejua kukata hawezi kufungua kibaraza chake.

Mwaka wa pili nikajikaza, nikamwomba anifundishe. Akacheka.

"Mvua ikianza unakwendaga wapi?"

"Kwetu, kulima pamba."

"Na mteja nimwambie suruali yake imekwenda kulima? Wewe una baba, una ng'ombe. Mimi nikifunga hapa, nani atanipa ugali? Bakia mvua moja, tutaongea."

Nikabaki. Baba akatuma neno kwa mtu aliyekuja sokoni: "Mwambieni huyo Mganda mpya, shamba la kwao limeota majani." Wenzangu wakanibandika jina hilo. Niliinamisha kichwa, nikakata suruali za magazeti, Fundi Mkuu akinichorea, mpaka mkono ukazoea.

Baada ya mavuno baba akaja na kitambaa cha khaki kwapani. Hakunitazama. Akamwambia Fundi Mkuu, "Nipime." Fundi Mkuu akanisukumia mkasi.

"Mpime mzee wako."

Hicho ndicho kitambaa cha kwanza nilichokata. Suruali ilipokwisha, baba akaivaa, akachuchumaa, akainua mguu kama anayepanda baiskeli.

"Haibani," akasema. Kisha, akiwa mlangoni: "Mvua zijazo nitatafuta kibarua wa kulima."

Wakati wa Ujamaa nilikuwa mkataji wa ushirika wa mafundi Bunda, chini ya katibu aliyependa mikutano kuliko vitambaa. Baadaye nilifungua kibaraza changu. Sasa nimestaafu, macho hayaoni tundu la sindano, lakini harufu ya pasi ya mkaa juu ya khaki mbichi bado inanirudisha Makoko.

Vijana wangu wa mwisho kibarazani walitoka kijiji cha Guta. Mvua zikianza waliniaga, nami sikukasirika. Nilikuwa nimewafundisha kukata mapema, ili wakifika kwao wakate hukohuko, palizi ikiisha.