Matonge Ishirini na Saba ya Zena

Mke wangu amenikataza kulisimulia jambo hili mbele ya wageni, na mimi mwenyewe nikilikumbuka nikiwa peke yangu masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa nusu ya Kaliua wanalijua na nusu nyingine wameshalitia chumvi, afadhali mlisikie kwangu mwenye aibu yake.

Miaka ile ya Ujamaa kitambi kilikuwa kesi. Magazetini kupe mnyonyaji alichorwa tumbo mbele na mrija mdomoni, na mimi, karani wa ghala la tumbaku ambaye sijanyonya kitu zaidi ya muwa, nilikuwa napita na tumbo hilohilo mitaa ya Gongoni, Tabora. Balozi wetu wa nyumba kumi kila mkutano alinisihi nikae nyuma, eti mgeni wa wilayani asije akadhani tunafuga bepari. Nilicheka na wenzangu, kisha nikirudi nyumbani najipima kwa mshipi.

Siku moja nikanunua karanga, zikafungwa kwa ukurasa wa jarida la Kiingereza, na ukurasa ule (niliusoma baada ya kuzimaliza karanga zote) ulikuwa na orodha ya vyakula na kalori zake, yaani nguvu iliyomo ndani ya kila chakula, na maelezo kwamba ukila nguvu nyingi kuliko unayotumia, inayobaki inahamia tumboni. Mimi nimefika kidato cha nne, jambo likiwa na namba naliamini. Shida ni kwamba orodha ilikuwa na jibini na matufaha na vitu ambavyo treni haijawahi kuvishusha Tabora, ila ugali haumo, michembe haimo, kisamvu cha karanga hakimo. Nikaamua mwenyewe kuwa tonge moja la ugali ni kalori hamsini. Kwa nini hamsini? Kwa sababu ni rahisi kuzidisha.

Nikanunua kijidaftari, nikakitia mfuko wa shati pamoja na penseli, na kusema kweli kilinisaidia. Nilikuja kugundua kuwa chai yangu ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na kwamba ile michembe, viazi vikavu ninavyovitafuna kibarazani nikijiambia sijala kitu, ni mlo mzima; mshipi ukaingia matundu mawili. Lakini utulivu ukanitoka. Mtu wa kukaa kama mimi nikawa sikai, nazunguka uani kupunguza mia moja, narudi, nakumbuka tonge ambalo sikuliandika, nazunguka tena, na nikiwa na watu wanaokula macho yananiponyoka yanaenda mikononi mwao.

Ndipo nikamwandika Zena. Zena ni binti wa Kaliua ambaye mdogo wangu Mrisho alitaka kumwoa, na mchana mmoja alipita kumsalimu mama, wakala pamoja uani, mimi niko kibarazani na penseli. Msichana mwembamba kama fito, lakini alikula kunishinda. Jambo hilo lilinisumbua mno, nikaliandika ili nilifikirie baadaye.

Baba yetu alishafariki, mjomba siku ya safari akashikwa na mgongo, kwa hiyo posa ya Mrisho ikaniangukia mimi peke yangu, mtu ambaye hata kwenda sokoni huomba mtu aende kwa niaba yake. Mrisho alinisindikiza stesheni, akaniambia, “Kaka, ongea kidogo, kula vizuri, basi.” Njia nzima nilihesabu nguzo za simu kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma na kalori za asubuhi nilishazimaliza.

Kaliua walinipokea vizuri. Mzee Maganga, baba yake Zena, aliitikia shikamoo yangu akanikalisha mkekani, na shangazi yake Zena akatua sinia la ugali na mchuzi, akaja kuninawisha. Nilipoinama, kijidaftari kikachomoka mfukoni kikaanguka kando ya beseni. Shangazi akakiokota, akakipangusa kwa kanga, na mzee akacheka akisema dada yake tangu aingie kisomo cha watu wazima anasoma kila kitu, hata mfuko wa chumvi haupiti salama. Shangazi akaniuliza kama anaweza kujaribu. Na mimi, kwa kutaka kupendwa, na kwa kuwa ukurasa wa kwanza niliunakili kwa Kiingereza tupu, nikasema, “Soma, shangazi, soma.”

Akafungua ukurasa wa mwisho.

Alisoma kwa kidole, silabi moja moja, kama walivyofundishwa. “Ze-na. U-ga-li. Ma-to-nge, i-shi-ri-ni na sa-ba.” Akapumzika, akameza mate. “Na ni mwe-mba-mba. Kwa ni-ni?”

Mzee Maganga akautoa mkono wake kwenye sinia. Akaniuliza taratibu, “Binti yangu alikuja kwenu mara moja tu, mkamhesabia matonge?”

Nikaanza kueleza kalori. Akaniuliza hiyo kalori inakaa sehemu gani ya ugali, nikalishika tonge, nikaligeuza, nikashindwa kumwonyesha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba kwetu mwali atalishwa kwa penseli, na mzee akasema nile nishibe, halafu niwahi treni, habari za posa tuziache. Akilini nikamwona Mrisho amesimama stesheni ananisubiri.

Shangazi ndiye aliyeniokoa, kama kule ni kuokolewa. Alisema mkwe amekosa, atoe faini, na faini yake ni ishirini na saba, hapahapa. Akakaa mbele yangu akahesabu kwa sauti, na watoto wa nyumba wakaitikia, na majirani wakaja kuchungulia. Kufika kumi na tisa jasho linadondokea mchuzini. Tonge la ishirini na tatu kifungo cha suti yangu ya mikono mifupi kikaruka kikagonga birika, na hapo Mzee Maganga, aliyekuwa amekaza uso muda wote, akalala mkekani kwa kicheko.

Nilipomaliza, shangazi aliomba penseli. Aliandika polepole sana huku anatamka: “Shemeji, matonge ishirini na saba. Na ni mnene.”

Sauti ya Zena ikatoka nyuma ya pazia. “Shangazi, malizia na hapo. Kwa nini.”

Posa ikapokelewa. Kijidaftari walibaki nacho wao, na sijawahi kukiomba. Chai bado natia vijiko viwili, hilo silijutii, lakini niliapa macho yangu hayatavuka ukingo wa sahani yangu. Zena alipoolewa akaja kwetu, mwaka mzima alikuwa akinipakulia, kisha anakwenda kula jikoni. Siku alipokaa mkekani na mama mbele yangu, nikaikazia macho kalenda ya ukutani hadi shingo ikauma, ila masikio nayo yanahesabu, jamani. Nilipofika saba nikakohoa kwa makusudi, nipoteze hesabu.