Pombe ya Mahari Mbele ya Hakimu wa Thika

Miaka ile ya hamsini, mtu akitaka kujua mahakama ya Thika imefanya nini wiki hiyo, alinisoma mimi. Nasema bila aibu. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Nilipasua kuni kiwandani, nikafungua chumba cha chai mkabala na mahakama, na kwa kuwasikiliza wateja wakilia na kucheka juu ya kesi zao nikajifunza sheria kwa masikio. Jioni niliwasimulia watu kesi za mchana, wakajaa mpaka mlangoni. Mhariri wa gazeti moja la Kiswahili akapita, akasikia, akaniambia niyaweke masimulizi hayo kwenye karatasi. Tangu hapo safu ya Jumamosi ikawa yangu, na hakuna aliyenishika mkono kunifundisha.

Kesi iliyowagawanya wasomaji wangu kuliko zote haikuwa ya wizi wala ya damu. Ilikuwa ya vibuyu vichache vya muratina, ile pombe yetu ya miwa na asali.

Mshtakiwa alikuwa nyapara katika shamba la kahawa huko Ruiru, mtu mzima asiye na maneno mengi. Wakati ule wa Hali ya Hatari, pombe ya kienyeji ilitaka kibali cha serikali, na kibali kilitaja boma moja tu. Familia ya Thika iliyokuwa ikimposa binti yake ilikuwa na kibali cha kupika kwao. Lakini kwetu Wakikuyu, pombe ya mahari hupikwa na upande wa mvulana, kisha hubebwa mpaka kwa baba wa msichana. Basi wakabeba. Hakuna aliyefikiri kwamba kibali kinabaki Thika vibuyu vikienda Ruiru. Askari waliingia wazee wakiwa wameketi, msichana ameshika pembe ya kunywea, wakamkamata mwenye nyumba kwa kupatikana na pombe bila kibali.

Bwana wa shamba alikuwa amekwisha kusema: nyapara akipatikana na hatia, atoke katika nyumba ya shamba yeye na watu wake wote. Ardhi yake mwenyewe hakuwa nayo. Kwa hiyo wengine walipobishana kuhusu pombe, yeye alikuwa akifikiria watoto watalala wapi.

Siku ya kwanza hakimu, Mzungu mwembamba aliyekuwa akifuta miwani kila mara, aliuliza kupitia mkalimani pombe ilikuwa ya nani.

"Ilikuwa bado si yangu, Bwana," nyapara akajibu.

"Ilikuwa ndani ya nyumba yako."

"Ndani ilikuwa. Lakini binti alikuwa hajaonja."

Hakimu hakuelewa, na kusema kweli alikuwa mtu wa haki, hakujifanya ameelewa. Aliahirisha kesi, akaagiza binti aletwe.

Jumamosi hiyo niliandika makala ambayo mpaka leo watu wazima wananikumbusha. Nilieleza kwamba msichana huulizwa mbele ya wote, pombe hii tuinywe? Akionja na kumpa baba yake pembe, amekubali, na pombe imekuwa ya baba. Asipoonja, wageni hubeba vibuyu vyao na kurudi kwao. Barua zikaja kwa mhariri kutoka kila upande. Wengine walisema serikali imeingia chumbani mwa watu. Watu wa kanisa walisema mlevi ni mlevi, awe amebeba vibuyu au amebebewa. Mzee mmoja wa kanisa alisafiri kutoka Ruiru kuniambia kwamba sasa nabatiza pombe. Nilimwomba amalize chai yake kabla haijapoa.

Lakini mimi jicho langu liliona ambalo waandika barua hawakuliona. Binti akisema alionja, baba anapoteza nyumba. Akisema hakuonja, atakuwa ametamka mbele ya serikali na wakwe kwamba hajakubali kuolewa.

Siku ya pili mahakama ilijaa. Baba wa mvulana alitangulia, akasema pombe ni yake na kibali anacho, naye akaonywa vikali kwa kuibeba. Kisha akaitwa binti.

"Ulionja?" hakimu akauliza.

"Hapana."

"Pembe ilikuwa mkononi mwako."

"Mkononi, ndiyo. Mdomoni, hapana."

Watu wakacheka. Baba wa mvulana alikuwa anatazama sakafu. Hakimu akamwachilia nyapara, akaamuru pombe imwagwe nyuma ya mahakama.

Wote wakaja kwangu, kwani wangeenda wapi kwingine? Baba wa mvulana hakugusa chai.

"Muthoni," akasema, maana ndivyo wakwe wanavyoitana kwetu, "nyumba yako imepona. Yangu imeambiwa hapana mbele ya Mzungu."

Binti ndiye aliyemjibu, macho chini kwa heshima.

"Baba, hakimu aliniuliza ya siku ile. Ya mbele hakuniuliza."

Hapo baba wa mvulana akavuta kikombe chake.

Wakabishana mpaka adhuhuri. Mwishowe ikakubaliwa kwamba kibali kichukuliwe cha Ruiru kwa jina la nyapara, na wanawake wa Thika waje na miwa yao na asali yao, wapike pale pale bomani kwake. Yeye asiguse hata kibuyu, mtu asije akasema amejipikia mahari ya binti yake. Wazo hilo lilikuwa langu, ingawa wazee wa Thika husema lilikuwa lao.

Nilialikwa, nikaenda. Binti aliulizwa, akaonja, akampa baba yake pembe, na nyapara akanywa akiwa ameketi mlangoni pa nyumba ileile. Niliandika yote usiku huohuo. Mhariri aliyarudisha, akasema hakuna aliyeshtakiwa, kwa hiyo si kesi. Jumamosi hiyo nikaandika juu ya mwizi wa baiskeli.