Shikamoo ya Bibi Jirani

Kila asubuhi bibi jirani huyasugua magoti yake kwa mafuta ya alizeti huku akiyagombeza: "Haya, amkeni, wavivu nyie!" Mama wa nyumba ya pili, Sikudhani, akija na mwanawe mchanga na kumwamkia, bibi huitikia marahaba ndefu, kisha huinuka taratibu akishika ukuta, aje ampakate mtoto. Leo hakuinuka. Alikaa na ungo mapajani, vidole vimekakamaa ukingoni.

"Shikamoo, mwanangu," akasema.

Sikudhani alirudi nyuma hatua moja. Tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo?

"Bibi, unanitania?"

"Sikutanii. Shikamoo si kushika miguu? Basi leo nashika yako, maana yangu imekataa."

Sikudhani akambana mtoto kifuani. Aliogopa kuitikia marahaba, asije akawa amekubali kwamba bibi hatainuka tena.