Nilikwenda Ruwi Kuitwa Baba

Dada yangu Zuwena aliponiomba mtoto wangu, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Mke wangu Mwanakhamisi alikuwa amefariki kwa homa, na binti yetu Rahma alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Zuwena alikuwa ameolewa Maskati, hana mtoto, na alikuja Unguja kwa ajili ya msiba. Baada ya hitima alinivuta pembeni akaniambia, "Kaka Othman, nipe mie Rahma nimlee." Kumpa dada mtoto amlee si jambo geni kwetu, na lau angeishia hapo nisingekuwa na mengi ya kujutia. Lakini aliongeza sharti. "Ila akuite mjomba. Baba atakuwa mume wangu. Mtoto hawezi kukua na baba wawili."

Nikajibu, "Sawa." Nilikuwa karani wa bohari bandarini, nimesoma mpaka sekondari, watu wakinijia kuwaandikia mambo yao ya maana. Na bado nilisema sawa, kama mtu aliyeulizwa iwapo atakunywa chai.

Mwaka jana Zuwena alifariki. Mumewe alikuwa amemtangulia. Rahma sasa ni mtu mzima, ana mabinti wawili na duka la shawarma alilolirithi katika mtaa wa Ruwi. Kwamba mimi ndiye niliyemzaa anajua, hakufichwa. Hata alipoolewa, idhini ilitakiwa kutoka kwangu, na mimi nikampa shemeji uwakala amwozeshe badala yangu. Nami nilioa tena, lakini hatukujaaliwa mtoto. Basi baada ya arubaini ya dada yangu nilikaa nikawaza: ahadi niliyompa imekwisha pamoja naye. Nikaazimia kwenda Maskati, na nisirudi mpaka binti yangu ameniita baba, walau mara moja.

Siku ya kuondoka, kiwanja cha ndege cha Unguja, kijana wa ukaguzi aliinua begi langu akaguna. "Mzee, umetia nini humu, mawe?"

"Ukwaju."

"Wote huu? Unakwenda kuwapikia mji mzima?"

"Binti yangu kauagiza," nikamwambia, na nikasikia raha kulitamka neno binti mbele ya mtu asiyejua lolote. Rahma alikuwa amenipigia simu: "Mjomba, niletee ukwaju wa kwetu. Wa hapa mkali, lakini hauna ladha."

Tulitua Maskati alasiri. Joto lilinipokea kabla ya Rahma. Lilinipiga usoni mlangoni mwa jengo, kama mtu aliyefunua chungu cha pilau juu ya moto. Rahma alinijia na baibui lake jeusi, akanibusu mkono. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Nililikaza lile mwanangu. Yeye akachukua begi.

Baada ya magharibi tulikwenda Ruwi. Ni mtaa wa mabenki upande wa mbele na wa watu wa kazi upande wa nyuma: fleti za bei nafuu, maduka ya simu, vinyozi, kituo cha mabasi. Duka la Rahma liko kwenye kichochoro ambacho magari mawili yakipishana, madereva husalimiana kwa mikono. Dirishani pana chuma kirefu kilichosimama, nyama ya kuku imepangwa juu yake safu kwa safu, inazunguka mbele ya moto polepole, na mpishi anaikwangua kwa kisu kirefu inadondoka vipande vyembamba. Harufu yake inafika barabarani kabla ya taa za duka.

Lakini kilichonishangaza ni honi. Magari yalikuwa yamesimama hovyo mbele ya duka na kila moja linapiga honi.

"Wanagombania nini hawa?" nikauliza.

Rahma alicheka. "Hawagombani, mjomba. Wanaagiza. Hapa mtu hashuki. Anapiga honi, mfanyakazi anamfuata, anakula humo humo garini na watoto wake. Akishuka, watu watafikiri gari limeharibika." Akaegesha karibu na mlango, akaniambia nikae mle mle nihudumiwe kama mteja, nione kazi yake, kisha akaingia dukani kushika kaunta.

Nilikaa. Nilitazama vijana waliotoka kucheza mpira, familia iliyojaa kwenye gari moja na bibi yao mbele, mafundi wa Kihindi waliosimama ukutani na vikombe vya karaki, chai nzito ya maziwa na iliki. Mara, katikati ya zile honi, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka mlangoni mwa duka: "Baba! Baba!"

Sikufikiri. Nilifungua mlango, nikasimama katikati ya barabara, nikaitika kwa sauti ya mtu aliyengoja umri mzima. "Naam, mwanangu!"

Hakuwa Rahma. Alikuwa mfanyakazi wake, dada wa Kiganda anayeitwa Nakato, na mkate mkononi. "Baba, niweke shatta ama niache?" Shatta ni pilipili yao ya kusaga.

Gari la nyuma yangu lilisimama kwa kishindo. Dereva wake, kijana wa Kiomani, alitoa kichwa akanambia kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, "Babu, rudi garini utagongwa! Chakula ndicho kinachokufuata, si weye ukifuate!" Watu wakacheka, nami nikacheka ili isijulikane nilichokidhani. Nilipotazama dirishani, Rahma alikuwa ameacha kuhesabu chenji. Yeye hakucheka.

Nakato aliniletea shawarma akainama dirishani. "Pole baba, nimekushtua. Nyumba ya kwanza nilifanya kazi hapa, madam alisema mwenye nyumba aitwe baba. Basi nikazoea. Sasa mzee yeyote kwangu ni baba. Kuna baba wa pikapu, kuna baba wa gari jeupe, wote baba."

"Na mimi?"

"Wewe baba wa shatta. Sikungoja ujibu, nimeweka."

Shawarma yenyewe ilikuwa tamu. Mkate mwembamba umekunjwa kama bahasha, ndani kuku, achari ya matango, na mchuzi mzito mweupe ambao wao huuita thum. Nilipoonja ndipo nikafahamu kuwa ni kitunguu thomu chetu kile kile. Njia nzima ya kurudi nyumbani Rahma aliongea habari za bei ya kuku. Mlangoni tu ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Hapa kila mzee ni baba, mjomba. Usiwe unashuka."

Mabinti zake waliniita babu tangu siku ya kwanza. Lilinifurahisha, lakini halikunisaidia, kwa kuwa mjomba wa mama naye ni babu.

Jumapili asubuhi, ambayo kule ni siku ya kazi, tulikuwa jikoni dukani. Rahma hupeleka chakula cha mchana Rusayl, kwenye viwanda, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mishkaki. Niliomba nitengeneze mchuzi wa ukwaju mwenyewe. Nikauroweka, nikaukamua, nikauchuja, nikaupika na sukari kidogo na pilipili. Nilipozima jiko nikakwangulia tangawizi.

"Mbona mwisho?" Rahma akauliza. "Moto umeshazimwa."

"Mama yako alikuwa akitia mwisho. Akisema ikichemka inakufa."

Kisu chake kilisimama juu ya ubao. "Mama yangu Zuwena alikuwa akitia mwisho."

"Zuwena alijifunza kwa Mwanakhamisi. Aliyekuzaa."

Alichovya kijiko, akaonja, akachovya tena. Kisha akaniuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu: alikuwa mrefu? Alicheka vipi? Alipenda kula nini? Nilimwambia alipenda mishkaki ya barabarani kuliko pilau la harusini, na kwamba alikuwa akinituma Forodhani kila siku ya mshahara, nami naona haya kurudi na mafuta kwenye shati la kazi. Rahma alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye kitunguu, ikawa taabu nyingine.

Mchana, Rusayl, joto lilikuwa kali hata vyuma vya malori havishikiki. Wafanyakazi walikaa kwenye kivuli cha malori hayo, wengine juu ya maboksi, Wabangali, Wahindi, Wapakistani, kila mtu na mkate wake na vijiti vyake. Mimi nilikunja mikate, Rahma akagawa. Wengi walirudi kuomba mchuzi. Nikamsikia akisema na msimamizi mmoja kwa Kiarabu, kisha akanigeukia kunitafsiria kwa fahari: "Nimemwambia mchuzi huu wa mama yangu." Alikuwa anamkusudia Mwanakhamisi. Nikajiambia, kama mama amepata jina lake hapa kwenye vumbi la Rusayl, na baba atapata lake.

"Na huyu ni nani?" msimamizi alimuuliza, nikaelewa kwa kidole chake.

"Mjomba wangu," akasema.

Jumanne jioni, siku moja kabla ya kurudi kwangu, alinipeleka Madinat Sultan Qaboos. Ni mtaa wa majumba yaliyopangwa, bustani zimefungiwa kwa kuta nyeupe, maduka machache safi. Alisema tunakwenda kuwapeleleza washindani. Tuliegesha mbele ya duka la shawarma lenye viti vizuri nje ambavyo havina mtu, na magari ya fahari yamepanga foleni yakipiga honi kama kule Ruwi. Nilimwambia kumbe tajiri na fundi wote wana tabia moja. "Njaa haishuki garini," akajibu.

Tulikula. Alisema wenzake hawa kuku wao mkavu. Nilingoja amalize. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Unguja, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Rahma, nna ombi moja."

"Sema, mjomba."

"Ndilo hilo. Usiniite mjomba. Niite baba. Mara moja tu, humu humu garini."

Alifuta vidole vyake kwa karatasi, kimoja baada ya kimoja.

"Nshakuita," alisema. "Hukumbuki?"

Nilikunja karatasi ya shawarma yangu.

"Ilikuwa Idi. Ulipiga simu. Jamaa walikuwa washanambia, yule wa Unguja ndiye babako hasa. Nikamnyang'anya mama simu. Nikasema, baba, Idi mubaraka. Halafu ukanambia, sema mjomba. Mara mbili ulinambia. Sema mjomba."

Nilikumbuka. Sikuwa nimesahau hata siku moja, ila nilitumai kuwa yeye amesahau. Nilikuwa nimesimama posta, watu wanangoja simu nyuma yangu, na nilipoweka mkono wa simu chini nilijisifu moyoni kwamba nimetimiza ahadi ya dada yangu hata pale ilipouma.

"Nilikuwa nimeahidi," nikamwambia.

"Najua. Na uliitimiza vizuri sana." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. "Nilikukasirikia nilipokuwa mdogo, hasira zikesha. Lakini lile neno nilimpa aliyekuwa akinipeleka skuli na kunifunza kukata nyama. Yuko kaburini. Nikikupa weye ntakuwa nimempokonya maiti. Na nikikuita leo kwa kuwa umeniomba, litakuwa baba la Nakato. La kazi."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na hoja, tena nyingi. Niliziacha. Nilinyoosha mkono nikabonyeza honi ya gari lake kwa nguvu, na mhudumu akaja mbio.

Rahma aligeuka. "Sasa umekuwa mtu wa Maskati!"

"Mwagizie mjomba wako karaki," nikasema. "Ana kiu."

Kisha akaagiza mbili, na yangu akasema isitiwe sukari nyingi. Sikujua kama amekuwa akiangalia jinsi ninavyokunywa chai.

Siku ya kurudi tulipitia Ruwi. Nakato alitoka mbio na mfuko wa karatasi. "Baba, ya njiani! Shatta nimeweka mingi." Kiwanja cha ndege, askari wa mlangoni alimtazama Rahma aliyekuwa amebeba begi langu, akaniashiria mimi na kumuuliza, "Abuk?" Kiarabu changu kidogo, lakini hilo nililifahamu: baba yako?

"La. Khali," akajibu. Hapana. Mjomba wangu. Hakusita, wala hakulisema kwa ukali. Alinirekebishia kola ya kanzu, akanibusu mkono, akaniambia mwakani nisisahau ukwaju.

Sitasahau. Nimeshaweka azma ya kwenda kila mwaka maadamu miguu inanichukua, nikampikie mchuzi na kumweleza habari za mama yake, na nikiitwa mjomba niitike mara moja. Wenzangu mtakaokwenda Maskati, fikeni Ruwi baada ya magharibi, msishuke garini, pigeni honi. Na wewe ambaye dada yako atakuomba mtoto, ukipenda mpe, lakini jina lako usilitoe. Ukilitoa, anayelipokea analitumia, na halirudi.

Nna binti mmoja duniani. Yu hai, ananipenda, na mimi si baba yake. Aliyeniita baba Maskati ni dada wa dukani aliyetaka kujua kama anitilie pilipili.